Kwaya Tatu, Kondakta Mmoja

Tulipishana nao mbele kidogo ya Rongo. Sisi tulikuwa kwenye lori la mahindi, tumetoka Migori kunapambazuka, na tulikuwa tumeshika njia ya kushuka ziwani. Wao walikuwa kwenye lori la pamba, wanapanda. Njia ilikuwa nyembamba, kwa hiyo madereva wote wawili walipunguza mwendo, na kwa muda mfupi watu wa malori yale mawili tukawa tunatazamana karibu kabisa. Wao walikuwa wanaimba, nasi tulikuwa tunaimba. Tukapungiana mikono. Mama mmoja wa sauti ya pili akaniambia, "Hao wanakwenda harusi." Nikasema harusi hiyo itakuwa nzuri, maana besi zao zilikuwa nzito kweli.

Sisi tulikuwa tunakwenda Homa Bay kufanya mazoezi na kwaya ya kule. Na kwaya ya kule ndiyo hiyo iliyokuwa kwenye lori la pamba, inakuja Migori kufanya mazoezi na sisi.

Hii ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Migori, sijaolewa bado, na Jumapili niliongoza kwaya ya kanisa letu. Mchungaji aliyesimamia makanisa yetu yote ya upande ule aliishi Homa Bay. Walikuwa wanamalizia kujenga kanisa jipya la mawe, na alitaka siku ya kulifungua kwaya tatu ziimbe kama kwaya moja: ya Migori, ya Oyugis na ya Homa Bay. Alipotutangazia, alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuisikia kwaya hiyo ikiimba. Jinsi watu walio mbali vile watakavyokubaliana juu ya wimbo, nguo, siku na mahali, hilo alituachia sisi viongozi.

Tulikuwa viongozi watatu. Homa Bay aliongoza mtu wa hospitali, msaidizi wa daktari aliyefunga vidonda na kuchoma sindano, na kila mtu alimwita dresa. Oyugis aliongoza mama mwenye hoteli ya chai pale stendi, ambaye pia alikuwa na cherehani barazani na ndiye aliyepewa kazi ya kushona nguo za kwaya zote. Wa tatu nilikuwa mimi. Yule mama nilikuwa nimemwona mara kadhaa nikipita na basi. Dresa sikuwa nimemwona hata siku moja.

Barua za posta zilizunguka Kisumu kwanza, na zilifika mambo yakiwa yamepita. Isitoshe mama wa Oyugis hakujua kusoma, na hakupenda mambo ya kwaya yake yasomwe na mtu mwingine. Simu ilikuwepo posta, lakini karani wa pale alikuwa ameamua moyoni mwake kwamba simu ni ya serikali na ya misiba. Nilimwendea mara moja. Akaniuliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Akaniambia basi nisiwe na haraka, akaendelea kugonga mihuri yake.

Kwa hiyo tulitegemea basi. Lilikuwepo basi moja lililotoka Migori asubuhi, likapanda Kisii, likashukia Oyugis na kumalizia Homa Bay, kesho yake likarudi njia ile ile. Kondakta wake alikuwa Mkisii, mfupi, mchangamfu, mwenye sauti ya kupenya hadi nyuma ya soko. Kijaluo alikijua cha kuulizia nauli tu, basi, kwa hiyo aliongea Kiswahili na kila mtu. Neno langu nililigeuza Kiswahili pale stendi, akalibeba kichwani, na dresa akaligeuza tena Kijaluo kule ziwani. Kwa njia hiyo tulipanga mazoezi ya kwanza, ya kwaya zetu mbili, na kwa njia hiyo malori mawili yakapishana Rongo.

Tulipofika Homa Bay tulilikuta kanisa la zamani limefungwa. Mama aliyefagia kanisa alitoka nyumbani kwake akakausha mikono kwenye leso, akatutazama tulivyojaa kwenye lori.

"Kwani hamkukutana njiani?" akauliza.

"Na nani?"

"Na sisi."

Nilikaa chini kwenye ngazi za kanisa. Wenzangu waliokuwa bado juu ya lori walianza kuulizana kuna nini, na habari ilipowafikia kicheko kilianzia mbele kikaenda hadi nyuma, na waliokuwa nyuma wakacheka kabla hawajajua wanacheka nini. Yule mama alituhurumia. Alituma watu gatini, wakaja na samaki, ng'ege wakubwa wabichi, tukala kwa kuon moto, ugali wa mtama unaoshibisha kweli. Tukafanya mazoezi peke yetu tukiutazama mlima wa Asego. Tulingoja wenyeji wetu warudi. Baadaye nilikuja kujua kwamba na wao walikuwa Migori, nyumbani kwa mama yangu mzazi, wanatungoja sisi turudi. Mama yangu aliona lori zima la wageni linasimama mlangoni kwake bila taarifa, akawasalimu mmoja mmoja, akaingia jikoni, na hakuuliza kitu hadi walipokwisha kunawa mikono.

Jua lilipoanza kuinama sisi tulikata tamaa tukaondoka, na wao wakakata tamaa wakaondoka. Tukakutana tena Rongo, karibu na pale pale. Safari hii dereva wetu aliweka lori katikati ya barabara.

Mtu mrefu, mwembamba, kaptura nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali, aliruka kutoka kwenye lori la pamba akaja upande wangu.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye dresa?"

"Ndiye. Mwalimu, si ulisema sisi tuje kwenu?"

"Nilisema hivyo kwanza. Halafu nikasema hapana, tutakuja sisi, kwa sababu mazoezi ya huko yatakuwa karibu na mchungaji. Na wewe ukajibu karibuni."

"Nilijibu karibuni," alisema taratibu, kama anayejihoji mwenyewe. "Halafu baada ya hapo kondakta akaja akaniambia mwalimu anasema mje Migori. Nikajua umebadilisha tena. Wanawake hubadilisha."

"Kondakta yupi?"

"Yule Mkisii. Wa kwanza alikuwa mwingine."

Hapo nikaelewa. Kondakta wetu alipopewa neno langu la kwanza aliugua homa njiani, akalala kwao Kisii. Neno la pili lilichukuliwa na kondakta wa muda, likafika salama, likajibiwa. Kisha kondakta wetu akapona, akarudi kazini, na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, akalifikisha lile neno la kwanza alilokuwa amelitunza kichwani siku zote za homa. Hakuna aliyekosea. Neno la zamani lilifika mwisho, likaonekana ndilo jipya.

Watu walikuwa wameshashuka malorini wanasalimiana. Dresa alitazama jua, akaniambia mazoezi yalipangwa leo na leo bado haijaisha. Tukapanga kwaya mbili kando ya barabara, sauti ya kwanza chini ya kivuli cha lori letu, besi kwenye ukingo wa mtaro, na tukaimba. Watu waliotoka sokoni walisimama na mizigo yao vichwani. Mwenye baiskeli mmoja alikaa chini kabisa akasikiliza nyimbo zote. Ndiyo yalikuwa mazoezi yetu ya kwanza ya pamoja, na mpaka leo sijaimba mahali nilipofurahi kuliko pale.

Kabla ya kuagana, mimi na dresa tulikubaliana jambo moja. Kila neno tutakalotuma litakuwa na namba. Langu la kwanza litaitwa Migori moja, linalofuata Migori mbili, na la kwake Homa Bay moja, Homa Bay mbili. Akifikiwa na Migori mbili baada ya kupata Migori tatu, atajua hiyo ni ya zamani, aiache ipite. Na atakayepata neno atarudisha jibu kwa kutaja namba na kulieleza kwa maneno yake mwenyewe, sio kusema ndiyo tu. Basi likirudi bila jibu, aliyetuma atatuma tena neno lile lile kwa namba ile ile. Tuliposhuka na basi siku chache baadaye kumweleza mama wa Oyugis, alitusikiliza huku akimimina chai kutoka kikombe hadi kikombe.

"Hiyo ya namba ni nzuri," alisema. "Lakini kichwa cha huyo kijana kitabeba ngapi? Anabeba na nauli."

Swali lilikuwa la haki. Kondakta mwenyewe, aliyekuwa anakunywa chai pale mlangoni, aliungana naye. Alisema maneno mafupi hayamsumbui, lakini tukimpa habari za nguo na vitambaa na saa na nyimbo pamoja, tufikapo Kisii nusu imeshuka na abiria.

"Wewe unaimba?" mama alimwuliza.

"Naimba, mama. Nani haimbi?"

Basi mama akachukua tuni moja ya watoto wa shule ya Jumapili, tuni nyepesi ambayo kila mtu aliijua, akaanza kuipachikia maneno yake: Oyugis moja, kitambaa ni cheupe, mikono iwe mirefu, mkanda wa bluu. Kondakta aliimba mara mbili akawa amelishika. Jambo zuri tuliloligundua baadaye ni kwamba neno lililowekwa kwenye tuni halipungui kimya kimya. Siku moja alinifikia akaimba, na mstari wa pili ukachechemea, ukaisha kabla ya tuni kuisha.

"Kuna kitu umeangusha," nikamwambia.

Alirudia, akasimama pale pale, akafikiri. "Ni kweli. Kuna mahali mdomo unabaki wazi."

Hakulikumbuka lile neno, lakini sote wawili tulijua halipo, na hilo lilitosha. Nikamwambia amwambie mama atume tena Oyugis nne, na akatuma, na lililokuwa limeanguka ni "viatu vyeusi". Tungefika kanisani na viatu vya rangi zote.

Abiria wa basi lile walizizoea nyimbo hizo. Nilisikia kwamba kutoka Kisii hadi Oyugis watu walizipokea wakaimba pamoja na kondakta, bila kujua mkanda wa bluu ni wa nani.

Kilichotutatiza baadaye kilikuwa nguo. Kwaya yangu iliongezeka, nikatuma neno kwa mama: shona nguo sita zaidi za Migori. Basi liliporudi halikuwa na jibu, kwa sababu siku hiyo mama alikuwa kwenye matanga kwao. Nikatuma tena. Lakini nilikuwa shuleni asubuhi ile, na mwalimu mwenzangu ndiye aliyekwenda stendi kwa niaba yangu. Yeye hakujua mambo yetu ya namba, akalipatia neno lile namba mpya. Mama alikuwa ameshaambiwa la kwanza na jirani yake. Alipopata la pili aliona ni jingine. Akashona sita, kisha akashona sita.

Furushi liliposhushwa Migori nilihesabu nikarudia kuhesabu. Nguo kumi na mbili, nyeupe, zimepigwa pasi, na waimbaji wapya sita.

Nilipanda basi Jumamosi nikaenda Oyugis, na dresa, ambaye alikuwa amefika kuchukua nguo za watu wake, alinikuta nimekaa na mama tumeshika vichwa. Nilimweleza. Hakucheka. Aliuliza maneno yalikuwaje hasa.

"Shona nguo sita zaidi."

"Hilo ni neno la hatari," alisema. "Hospitalini tuna neno kama hilo. Nikimwambia mtu wa zamu, mwongezee mgonjwa vidonge viwili, na nikasahau nimesema, nikasema tena, mgonjwa anapata vinne. Lakini nikisema, mgonjwa awe amekunywa viwili ifikapo jioni, hata nikirudia hadi sauti ikauke, ni viwili tu."

Mama wa hoteli aliweka birika chini. "Kwa hiyo mwalimu angesema nguo za Migori ziwe ishirini na nane."

"Ndiyo. Jumla. Asiseme ongeza, aseme ziwe."

"Basi kama ningeambiwa mara kumi ziwe ishirini na nane," mama alisema, "ningekuwa nimekaa nakunywa chai."

Tangu siku hiyo hatukutuma tena neno la kuongeza wala la kupunguza. Tulisema vitu viwe vipi vikimalizika. Nami nilirudi Migori na shida ya nguo sita zisizo na watu. Mama yangu aliziangalia zilivyotundikwa ukutani akasema nguo nzuri hivi haziwezi kukaa bila kuvaliwa. Alizunguka mwenyewe majirani, akaja na wanawake sita walioingia ndani ya nguo zile bila kubana. Wengine hawakuwahi kuimba nje ya shamba. Mmoja alikuwa mkulima kutoka upande wa Uriri, mke wa mtu mkimya sana, na yeye mwenyewe mkimya. Siku ya kwanza ya mazoezi alifungua mdomo na sauti ya kwanza nzima ikanyamaza kumsikiliza. Ilibidi niwakumbushe waendelee. Huyo aliimba nasi miaka mingi, na kila mchungaji aliyenisifu kwa kumtafuta nilimwambia ni mama wa Oyugis aliyemshonea njia.

Binti yangu sasa anafanya kazi Nairobi ya kutengeneza programu, zile zinazowezesha kompyuta zilizo mbali mbali kupeana ujumbe bila kupotezana. Nilimsimulia habari hizi jikoni siku moja tukichambua mboga. Aliacha mboga. Alisema kazini kwao wana majina ya mambo haya yote, namba, jibu, kutuma tena, neno linalorudiwa bila kudhuru, na kwamba wao pia kuna siku malori yao yanapishana. Nilimwuliza kama wanaimba. Akasema kwa namna fulani ndiyo, maana kila ujumbe wao hubeba kipimo cha kuonyesha kama kuna kitu kimeanguka njiani. Nilifurahi kusikia hivyo, tukamalizia mboga.

Siku ya ufunguzi ilipokaribia, tuliingia katika ugonjwa mwingine. Kila mmoja alitaka uhakika. Dresa alituma: siku ni Jumapili ya pili, mko tayari? Nikajibu: tuko tayari. Kisha nikawaza, je, kama jibu langu halikufika, atajua tunakuja? Nikatuma kuuliza kama jibu limefika. Naye akajibu limefika, halafu akataka kujua kama nimesikia kwamba limefika. Mama wa Oyugis, aliyekuwa katikati ya njia, alisema yeye hatapandisha watu wake kwenye basi mpaka asikie kwamba Migori wamesikia kwamba Homa Bay wamesikia.

Aliyetuponya ni kondakta. Alishuka Migori asubuhi moja, akafuta jasho, hakuimba.

"Mwalimu," alisema, "leo nimebeba hivi. Dresa amesikia kwamba wewe umesikia kwamba yeye amesikia. Sasa unataka nimwambie umesikia?"

"Ndiyo, ili ajue."

"Na yeye akishajua atataka wewe ujue kwamba anajua. Mimi nitazeeka kwenye basi hili, mwalimu. Watoto wangu watabeba."

Nilicheka hadi nikashika mlango wa basi. Alikuwa amesema kweli. Hakukuwa na jibu la mwisho. Kila jibu lilihitaji jibu jingine nyuma yake, na basi lingekwenda na kurudi hadi kanisa lipasuke ukuta. Nikamtuma kwa dresa na swali moja tu: tunaishia wapi? Dresa alijibu kwa neno ambalo kondakta aliliimba kwa raha kuliko mengine yote. Neno hujibiwa mara moja, na jibu halijibiwi. Siku imeshatajwa, kila mtu aje. Na kila kwaya ijifunze nyimbo zote kwa sauti zote, ili kama mmoja atakwama njiani, waliofika waimbe. Mama wa Oyugis alirudisha kwamba amepata, na kwamba yeye hawezi kukwama.

Juma la ufunguzi lenyewe, Alhamisi, mchungaji alibadilisha wimbo wa kwanza. Mpango ulikuwa huu: kanisa jipya lilikuwa na milango mitatu, mmoja mbele na miwili ya pembeni, na kila kwaya ingesimama nje ya mlango wake. Kengele ikilia, zote tatu zingeanza wimbo mmoja kwa wakati mmoja na kuingia zikiimba, zikutane madhabahuni. Hatungeonana wala hakuna ambaye angetangaza wimbo. Sasa mchungaji akaamua tuanze na wimbo mwingine, wa shangwe zaidi. Dresa akatuma Homa Bay saba: wimbo wa kuingilia uwe ule wa pili. Mimi nililipata Ijumaa asubuhi kwa lori la samaki lililokatia Rongo, nikajibu. Mama wa Oyugis hakurudisha kitu. Basi lilikuwa limeharibika njiani karibu na kwake, na hakuna aliyejua kama kondakta alimfikia kwanza au gari lilikufa kwanza.

Jumapili sisi wa Migori tulifika mapema kwa lori. Dresa nilimkuta nje ya mlango wa mbele, kaptura imekuwa suruali ndefu, anakwenda huku na huko.

"Oyugis?" nikauliza.

"Hawajafika. Na saba hawakujibu."

"Wakija tutawaambia."

"Wakija kabla ya kengele."

Watu walikuwa wamejaa. Mkuu wa wilaya alikuwa ameketi mbele, wageni kutoka visiwani wamekaa hadi kwenye madirisha. Nilikwenda kwenye mlango wangu wa pembeni nikapanga watu wangu. Nikichungulia kwenye pembe ya ukuta niliuona mlango wa mbele na uwanja wote hadi barabarani. Mzee wa kengele alikuwa ameshika kamba tayari, anangoja mchungaji amwinulie mkono, ndipo basi likaingia kwa vumbi. Limepona. Kabla halijasimama sawasawa, kwaya ya Oyugis ilikuwa inamiminika kutoka milango yote, nyeupe na bluu, wanakimbilia mlango wao upande wa pili wa kanisa. Dresa hakuweza kuacha nafasi yake. Alinyoosha mikono tu kama anayeuliza. Mchungaji akainua mkono. Kengele ikalia.

Mama wa hoteli alikuwa wa mwisho kukimbia, kwa sababu ya mwili wake. Aligeuka akamwona dresa. Bila kusimama aliinua mkono mmoja wenye vidole vyote vitano, na mwingine wenye vidole viwili.

Saba.

Nilimwona dresa akishusha mabega. Akavuta pumzi, akatoa sauti, na milango mitatu ikaanza wimbo mmoja. Tulipoingia zile sauti zilikutana chini ya mabati mapya kabla ya sisi wenyewe kukutana, na watu wakasimama wote kwa pamoja, bila kuambiwa. Mwanamke wa Uriri alikuwa nyuma yangu. Katikati ya ubeti wa pili nilisikia besi moja isiyo ya kwaya yoyote, nzito na ya kupenya, inatoka upande wa Oyugis. Ilikuwa ya kondakta. Alikuwa ameazima koti la dereva, mikono imempita vidole, na maneno ya wimbo alikuwa ameyajua njiani.

Tulikula siku ile hadi jioni, nje, kwenye mikeka. Mchungaji alipita kila mahali akishukuru, na alisema jambo la kwaya tatu kuungana lilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Dresa alinitazama, nami nikatazama sahani yangu. Mama wa Oyugis alikuwa amevua viatu vyeusi ananyoosha miguu. Alisema Ijumaa kondakta alimwimbia namba saba kupitia dirisha, basi likiwa bado linakwenda, na likafa hatua chache mbele. Jibu alikuwa nalo tangu siku hiyo, ila hakukuwa na basi la kulibeba.

Kwaya ile ya pamoja iliendelea miaka kadhaa. Tuliimba Oyugis, tuliimba Migori, tuliimba hadi Kisumu. Dresa alihamishwa baadaye akapelekwa hospitali nyingine mbali, na kabla ya kuondoka alikuja Migori kumuaga mama yangu. Mama wa hoteli alijenga nyumba nyuma ya hoteli yake na kuwa na vyumba vya wageni. Shule yetu ilipata simu, na niliitumia mara ya kwanza kumpigia mfanyabiashara aliyekuwa jirani yake, nikamwomba amwite. Tulipiga kelele tu, kila mmoja akimwuliza mwenzake kama anasikia.

Siku iliyofuata ufunguzi nilirudi darasani nikiwa sina sauti hata kidogo. Nilifungua kinywa kuwasalimu watoto ikatoka hewa. Walinitazama wakingoja. Niliandika hesabu ubaoni, nikaketi, na darasa zima likafanya kazi kimya hadi saa ya chai, wakizungumza kwa kunong'ona wao kwa wao, kama watu walio karibu na mgonjwa wanayempenda. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akasimama, akasikiliza ukimya ule, na mchana aliniuliza mbele ya walimu wote ninatumia njia gani.

Sikuweza kumjibu. Nilitabasamu tu.